Uso Wako Ndio Chombo cha Kusomea Hisia za Wengine: Mwongozo Kamili wa Kuutumia

Mtu akitabasamu mbele yako, mashavu yako humjibu kabla wewe hujaamua kumjibu. Mara nyingi jibu hilo ni dogo kiasi kwamba hata ukijitazama kwenye kioo hulioni, lakini vipimo vya umeme wa misuli hulinasa. Ulf Dimberg, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi, alilionyesha jambo hili mwaka 1982 kwa kubandika vitambuzi vidogo kwenye nyuso za watu na kuwaonyesha picha. Walipotazama uso wenye furaha, msuli unaovuta ncha za mdomo kwenda juu ulichangamka. Walipotazama uso wenye hasira, ulioamka ni msuli wa kukunja ndita. Mwaka 2000 yeye na wenzake walipitisha picha ya hisia kwa milisekunde 30 tu, kisha papo hapo wakaifunika kwa uso usioonyesha kitu. Watazamaji hawakujua wameonyeshwa nini, lakini misuli yao iliitika vilevile.

Hii ni kazi ya uso ambayo wengi hatujafundishwa. Tunadhani uso upo ili wengine watusome, kumbe unatusaidia pia kuwasoma wao. Ukiufunga au kuukausha, unapunguza uwezo wako wa kuona kilicho moyoni mwa mwenzako. Mwongozo huu nimeuandika kwa watu ambao kazi au maisha yao yanategemea kuwaelewa wengine: muuguzi, mwalimu, mshauri nasaha, mhudumu wa afya ya jamii, mzee wa baraza, mzazi mwenye kijana asiyesema.

Kwanza, elewa njia yenyewe

Misuli ya uso huendeshwa na neva ya saba kati ya zile zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Misuli inapojongea, hata kidogo, habari za mjongeo huo hurudi ubongoni na kupokewa na eneo linaloshughulikia mguso na hali ya mwili. Mwaka 2000 Ralph Adolphs na wenzake huko Marekani walichunguza watu 108 waliokuwa na majeraha kwenye sehemu mbalimbali za ubongo. Walioumia eneo hilo upande wa kulia walipata shida ya kutambua hisia kwenye nyuso. Mwaka 2008 watafiti wa London, David Pitcher akiwa miongoni mwao, waliivuruga kwa muda sehemu inayohusika na uso kwenye eneo hilohilo, kwa kutumia mapigo ya sumaku, na watu wazima wenye afya wakaanza kukosea.

Kwa hiyo unapomtazama mtu kuna njia mbili zinazofanya kazi pamoja. Macho yanaona umbo la uso wake, na uso wako unalijaribu umbo hilo kwa ndani ili kupata ladha ya hisia yenyewe. Njia ya kwanza inaweza kufanya kazi peke yake. Ya pili inaongeza usikivu, hasa hisia ikiwa hafifu, imefichwa, au imechanganyika na nyingine.

Ushahidi huu usiubebe kupita uzito wake. Mwaka 1988 Fritz Strack na wenzake waliandika kwamba mtu akishika kalamu kwa meno, hivyo uso wake ukakaa mkao wa tabasamu, vikaragosi humchekesha zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo na hazikupata matokeo yale. Kisha mwaka 2022 mradi mkubwa ulioongozwa na Nicholas Coles, wenye washiriki 3,878 kutoka nchi 19, ulionyesha kwamba kuiga tabasamu la mtu kwenye picha au kuipanga misuli kwa makusudi huongeza furaha kidogo, ila njia ya kalamu haikutoa jibu la wazi. Majaribio hayo yalihusu hisia za mtu mwenyewe, si kusoma za wengine, lakini somo linaingia huku pia: nguvu ya uso ipo, na ni ya kiasi. Anayekuuzia semina ya kusoma watu kama kitabu kwa siku moja anakudanganya.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kuamini

Hatua hii usiiruke, kwa sababu mtu akishajionea mwenyewe haendi tena kwenye zoezi kwa kubahatisha.

Tafuta tamthilia ambayo wewe hujaiona lakini mwenzako ameiona. Mwombe achague vipande ishirini na vinne vifupi, vya sekunde mbili au tatu, vinavyoonyesha uso wa mhusika kwa karibu. Visiwe vya vilio na vicheko vya wazi. Anachotafuta ni nyakati za katikati: mhusika anayeficha chuki, anayejikaza asilie, anayetabasamu kwa kulazimishwa. Kwa kila kipande mwenzako aandike pembeni ni hisia gani, akitegemea hadithi yenyewe inavyokwenda. Hiyo ndiyo karatasi ya majibu, na wewe usiione.

Zima sauti. Vipande kumi na viwili vitazame uso ukiwa huru. Kumi na viwili vingine vitazame ukiwa umeng'ata kalamu safi, imelala toka shavu hadi shavu, meno na midomo vimeishika bila kulegea. Chagua jibu kati ya sita: furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa, mshangao. Mwenzako aandike jibu lako na pia kama umejibu haraka au umesitasita, maana kuchelewa nako ni matokeo.

Mkiwa wengi, mathalani darasani au kwenye kikundi cha wahudumu, nusu waanze na kalamu na nusu wamalize nayo, la sivyo kuzoea zoezi kutajificha ndani ya majibu. Vipande vya duru ya kwanza na ya pili navyo vibadilishane. Jumlisheni alama za kundi zima. Tofauti ya mtu mmoja kwenye vipande vichache inaweza kuwa bahati tu, ya kundi ina maana zaidi. Watoto wadogo wasipewe kalamu mdomoni.

Tazameni furaha kwa namna ya pekee. Lindsay Oberman, Piotr Winkielman na V. S. Ramachandran walifanya jaribio la aina hii mwaka 2007, na kung'ata kalamu kuliharibu zaidi utambuzi wa furaha kuliko hisia nyingine. Sababu yake inaeleweka: kuonyesha furaha huchangamsha misuli mingi ya mashavu na mdomo, na hiyo ndiyo misuli ambayo kalamu huifunga. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2014, Magdalena Rychlowska na wenzake waliwavisha watu kinga za meno kama zile za mabondia. Waliovaa hawakuweza kutofautisha tabasamu la kweli na la uongo kama walivyoweza wenye midomo huru. Nauona huu kuwa ugunduzi wenye faida kuliko yote katika eneo hili, kwa sababu maishani swali gumu si kama mtu anatabasamu. Gumu ni kujua tabasamu hilo lina nini ndani yake.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyoufunga uso wako

Jichunguze siku moja ukiwa kazini. Una kawaida ya kutafuna kifuniko cha kalamu ukimsikiliza mtu? Kijiti cha meno kinakaa mdomoni hadi saa ngapi baada ya chakula? Umebana meno? Vyote hivi huikaza misuli mfululizo, na mkazo wa mfululizo ndio wenye madhara. Kwenye jaribio la 2007 kutafuna chingamu kuliigusa misuli kwa vipindi tu, tofauti na kung'ata. Hata hivyo kwa mazungumzo mazito nashauri mdomo uwe mtupu kabisa. Tambuu na mirungi vikae pembeni hadi mgeni wako aondoke.

Kuna pia botoksi, sindano inayolegeza misuli ili mikunjo ipungue. Mwaka 2011 David Neal na Tanya Chartrand waliwalinganisha waliodungwa botoksi na waliodungwa dawa ya kujaza ngozi isiyozuia misuli. Wa botoksi walikosea zaidi kutambua hisia kwa kutazama picha za macho. Kama kazi yako ni kusikiliza watu, fikiria jambo hilo kabla ya kwenda kudungwa.

Barakoa watu huielewa visivyo, kwa hiyo nitaieleza. Barakoa au nikabu uliyovaa wewe haizuii uso wako kujongea. Mashavu yako yako huru ndani yake, na uwezo wako wa kuhisi unabaki. Kilichopungua ni kile anachokiona mwenzako. Ukiwa wewe ndiye unayemtazama aliyejifunika, hapo umepoteza nusu ya chini ya uso wake. Claus-Christian Carbon wa Chuo Kikuu cha Bamberg, Ujerumani, alipima hili mwaka 2020 na kukuta watu wakichanganya hisia mara nyingi zaidi, mathalani kinyaa kudhaniwa ni hasira. Mgonjwa aliyevaa barakoa msikilize sauti na uyatazame macho, usikimbilie kusema amekasirika.

Simu nayo. Uso ulioinamia simu hauigi mtu aliye mbele yake, unashughulika na kilicho kwenye kioo. Kwa mtoto mchanga jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama aliombwa akae mbele ya mwanawe bila kuonyesha chochote usoni kwa dakika chache. Watoto walijaribu kumwamsha kwa kila namna, kisha wakageuza nyuso na kujikunyata. Mtoto anayenyonya ukimpa uso wako, anajifunza kutokana na uso huo.

Hatua ya 3: Legeza

Uso hauigi kitu ukiwa tayari umekaza. Kazi nyingi zinatudai uso mkavu: askari, karani wa dirishani, muuguzi wa zamu ya usiku aliyezoea kuficha uchovu. Watu walioombwa kwenye majaribio wazuie nyuso zao zisionyeshe chochote walichelewa kuitambua hisia ilipokuwa ikichomoza usoni kwa mwingine. Uso mkavu una mahali pake, lakini ujue bei yake.

Kabla hujamwita mtu anayefuata, fanya hivi kwa nusu dakika. Tenganisha meno ya juu na ya chini huku midomo imefumbwa, ulimi ulale chini. Inua nyusi juu kadiri zinavyoweza, halafu ziachie zishuke zenyewe. Jaza mashavu hewa, itoe polepole. Mwisho pitisha vidole kati ya nyusi na kwenye viungo vya taya karibu na masikio. Sehemu itakayouma ukiibonyeza ndiyo unayoikaza siku nzima bila kujua.

Hatua ya 4: Mtazame, kisha sikiliza uso wako

Hapa ndipo penye ufundi, na ndipo wengi wanapoharibu. Wakishasikia habari za kuiga, huanza kumwiga mtu waziwazi: akikunja uso nao wanakunja, akisikitika wanavuta midomo. Kwetu hiyo ni kejeli, na mtu mzima akiiona ataondoka na hatarudi. Uigaji unaousaidia ubongo hutokea wenyewe. Kazi yako ni kutouzuia na kuuhisi unapotokea.

Mtazame mtu akieleza jambo. Usitafute jina la hisia. Jiulize kwanza: wapi kwenye uso wangu pamejongea? Kuna sehemu nne za kukagua. Katikati ya nyusi: pakivutwa pamoja, huenda ni hasira, maumivu, au anafikiri kwa nguvu. Ncha za ndani za nyusi zikipanda juu, mara nyingi ni huzuni au wasiwasi. Puani na mdomo wa juu, pakijikunja, ni kinyaa au dharau. Ncha za mdomo na mashavu ndizo za furaha, na zikishuka ni huzuni.

Halafu subiri pumzi moja kabla ya kukipa jina ulichohisi. Paula Niedenthal na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba wenye nyuso huru huwahi kugundua hisia inapofifia na kugeuka usoni mwa mtu, na walioshika kalamu midomoni huchelewa. Badiliko ndilo la kuwinda. Mama anayesema nyumbani ni salama huku mashavu yake yakianguka ghafla linapotajwa jina la mume, amekupa habari ambayo mdomo wake hautatoa leo.

Kuhusu tabasamu, daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli hushirikisha msuli unaozunguka jicho, si wa shavu pekee. Tazama kama chini ya macho pamevimba kidogo na kope la chini limepanda. Ishara hii si ya kuapia, maana wapo wanaoweza kuutengeneza mkunjo huo kwa makusudi, lakini ikikosekana huku mdomo umepanuka, endelea kusikiliza kwa makini.

Fanya mazoezi kwa mtu mnayependana, dakika tano, akisimulia jambo la siku yake. Mkimaliza mwambie ulichohisi na mahali ulipokihisi, naye akusahihishe. Bila kusahihishwa zoezi hili linajenga majivuno tu.

Hatua ya 5: Jua ni nani uso wako unamkataa

Uso hauwaigi watu wote sawa. Ursula Hess, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, na wenzake wameonyesha kwamba tunawaiga zaidi tunaowahesabu kuwa wetu. Mwaka 1989 John Lanzetta na Basil Englis walikuta jambo la kutisha zaidi: watu waliotarajia kushindana na mwenzao walionyesha dalili za kutabasamu alipopata maumivu, na kukunja uso alipofurahi. Uso ulikuwa unamsoma kinyume.

Mwalimu, fikiria mwanafunzi asiyekupendeza. Mzee wa baraza, fikiria upande wa mgogoro unaotoka ukoo usiopatana na wako. Mbele ya watu hao ndipo uso wako unaponyamaza, na ndipo utakapowaona wakaidi, wakavu, wasio na majuto. Andika majina ya watu watatu wa aina hiyo unaokutana nao kila wiki. Ukikutana nao, kabla ya jambo lenyewe waulize habari za nyumbani na usikilize jibu hadi mwisho. Mazungumzo ya ushirikiano humsogeza mtu karibu, na uso nao hufuata. Hukumu yako juu ya hisia zao ifanye iwe nusu ya uzito unaowapa wengine, mpaka wakuthibitishie kwa maneno.

Kinyume chake nacho kipo. Ukiamka na huzuni zako, kila uso utauona na huzuni. Jiulize asubuhi uso wako umebeba nini, ili usije ukamvika mgonjwa wa kwanza mzigo ulioutoa nyumbani.

Hatua ya 6: Rudi kwenye mazingira, kisha uliza

Ulichohisi usoni ni fununu. Watafiti waliofanya kazi na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walichapisha mwaka 2020 matokeo yanayoonyesha kwamba Wahadza hawakuoanisha nyuso na matukio kwa uhakika uliotarajiwa na nadharia ya nyuso zinazofanana dunia nzima. Na mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walieleza kuwa vijana wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, waliusoma uso wenye macho ya kukodoa na mdomo wazi kuwa wa kutishia, wakati Wahispania waliusoma kuwa wa hofu. Hata hapa kwetu kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anatoa heshima, na anayemsoma kuwa ana hatia anamwonea. Mfiwa anayekupokea kwa tabasamu anatimiza adabu ya kupokea wageni.

Kwa hiyo uliza, na uulize kwa namna inayomwachia mtu mlango wa kukataa. Muuguzi kwa mama mtu mzima: "Shikamoo mama. Nimeona kama nilipotaja sindano umeshtuka kidogo. Au nimeona vibaya?" Baba kwa kijana: "Mwanangu, naona leo kama kuna kitu kimekukaa. Kama hutaki kusema sasa, nipo." Usimwambie mtu "umekasirika." Ukimpa jina la hisia yake, ama atajitetea au atakubali ili yaishe.

Nyuso zisizojongea

Wapo waliozaliwa na ugonjwa wa Möbius, ambao nyuso zao hazijongei tangu kuzaliwa. Kathleen Bogart, mwanasaikolojia mwenye hali hiyo yeye mwenyewe, na David Matsumoto waliwapima watu 37 wa aina hiyo mwaka 2010, nao wakatambua hisia za wengine sawa na watu wengine. Njia ya macho, sauti na uzoefu inaweza kubeba kazi ambayo kwa wengi wetu husaidiwa na misuli. Kama uso wako umepooza kwa ajali au kiharusi, usiambiwe na yeyote kwamba huwezi tena kuwaelewa wanao.

Shida kubwa kwa watu hawa iko kwetu tunaowatazama. Uso usiojongea hauupi uso wetu kitu cha kuiga, na hapo tunaamua upesi kwamba mtu hana hisia, hana shukrani, au hajaelewa. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambao hukausha uso, hukutana na hilo hata nyumbani kwake, na mwenye nusu ya uso iliyopooza hukutana nalo dukani. Ukikaa na mtu kama huyu, sogeza kiti uisikie vizuri sauti yake ikipanda na kushuka, tazama mikono na mabega, mpe muda mrefu zaidi wa kujibu, na umuulize moja kwa moja anajisikiaje. Jibu atakalokupa kwa mdomo wake ulichukue kama lilivyo.